Kivuli Kwenye Mlango wa Pikapu

Ngeleja wa Mwandoya hakuwahi kumiliki hata baiskeli, lakini picha zake zote tatu kasimama na gari. Ukimwona humo, kidevu juu, mkono kwenye boneti, utadhani ndiye tajiri wa Meatu nzima! Ndivyo watu walivyopiga picha miaka ile ya tisini, wanunuzi binafsi walipoanza kuifuata pamba na magari yao, na ushirika ukaacha kuwa mnunuzi peke yake. Pikapu ikisikika inakuja, watu walikimbilia kuoga.

Picha ya tatu ndiyo iliyomsumbua bintiye, Milembe, fundi cherehani wa pale sokoni Bariadi. Tuseme ukweli, ilikuwa mbovu. Baba kakatwa miguu, gari limeinama, na kwenye mlango mweupe kumelala kivuli cheusi cha mpiga picha. Ndugu walicheka kila walipoiona: "Huyu alikuwa amelewa?" Lakini Ngeleja aliziacha zile mbili nzuri ziliwe na vumbi, hii mbovu akaifunga kwenye kitambaa. Milembe akiuliza sababu, baba anajibu, "Hiyo niachie," kisha anatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Na Milembe alikuwa na haja ya kuuliza. Mama yake, Specioza, alifariki siku aliyomzaa, asiache picha hata moja. Binti amekua akijitazama kwenye kioo na kubahatisha: pua hii ni ya nani? Haya masikio je? Akimtaja mama, nyumba nzima inabadili mazungumzo. Iliuma, tena sana.

Mwaka jana walipomzika Ngeleja, kile kitambaa kikamwangukia yeye. Akaigeuza picha. Nyuma kulikuwa na mhuri uliofifia: Marcelo, Binza, Maswa. Aliyempiga baba picha, si ajabu alimpiga na mama! Kesho yake akafunga cherehani, akaenda Maswa.

Alimkuta Marcelo barazani, amekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, ndicho kochi lake. Ujanani alikuwa dereva wa wanunuzi wa pamba, na kamera yake ndogo ilimwingizia cha pembeni kila kituo alichosimama.

"Mwangaluka, babu," akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Karibu. Ila kama unauza vitenge, umepotea njia."

Milembe akacheka, akajitambulisha, akaeleza anachotafuta, akampa picha. Mzee akavaa miwani, akaiangalia, akaruka kama aliyeumwa na siafu.

"Hii si yangu!"

"Mhuri si wako, babu?"

"Mhuri wangu, filamu yangu, kamera yangu. Lakini mimi sijamkata mtu miguu tangu nizaliwe! Aliyepiga hii ni Specioza."

Milembe akakaa chini bila kuambiwa.

Siku ile, Marcelo akaeleza, aliwapanga wote wawili, mume na mke, kando ya pikapu. Mara mama mkwe, bibi Nyanjige, akaja mbio kutoka kwenye magunia ya pamba. Mjamzito hapigwi picha! Itachukua kivuli cha mtoto! "Kivuli cha mjukuu wangu hakichukuliwi hapa!" Specioza hakubishana. Akasema, "Sawa, mama. Basi nimpige yeye," akainyakua kamera mkononi mwa mwenyewe.

"Nilimfundisha jambo moja tu," mzee akasema. "Jua liweke mgongoni. Akasimama kiupande, mama mkwe asimwone anavyocheka."

Picha iliposafishwa, kivuli kikaonekana. Na Specioza alipofariki, bibi akasema, si niliwaambia? Akaamuru picha ichomwe moto. Ngeleja akaapa kwamba ameichoma, kumbe aliificha hadi bibi alipofariki.

Milembe akaivuta picha karibu. Miaka yote hiyo alikuwa akimtazama baba tu! Hapo mlangoni alipodhani kuna kofia ya mwanaume, kulikuwa na kilemba. Viwiko viwili vimepanuka. Na chini ya viwiko, tumbo, kubwa, limetangulia mbele. Akaligusa kwa kidole. Machozi yakamtoka, na hapo hapo kicheko kikamtoka, hata Marcelo akashindwa kujua ampe pole au ampe maji.

"Sura yake, babu? Alifanana na mimi?"

Mzee akavua miwani. "Nisikudanganye, mayu. Sikumbuki. Nakumbuka kicheko."

Akarudi Bariadi bila pua wala masikio. Picha akaipeleka kwa fundi seremala ikatiwa fremu na kioo, akaitundika juu ya cherehani, pale wateja wanapopimwa. Hawakosi kuuliza.

"Fundi, huyu mzee mwenye gari ni nani?"

"Huyo ni baba," Milembe anajibu, pini mdomoni, kisha anawaonyesha ule mlango mweupe. "Na huyu hapa ni mama na mimi."