Treni ya Saa Nne

Juzi, kwenye tawi la reli ya mizigo linaloingia kiwanda cha kahawa kule kata ya Ruanda, nilimkuta mama ameanika mahindi kwenye turubai, katikati ya reli. Saa nne kamili mzee wa stesheni akatoka, kofia kichwani, akapuliza filimbi. Mama akazoa mahindi yake, akasogea pembeni. Mzee akapunga bendera ya kijani. Hata mimi nikarudi nyuma. Hakikupita kitu.

"Shikamoo, baba. Treni iko wapi?"

"Marahaba. Haiji tangu kahawa ihamie kwenye malori. Lakini ratiba haijafutwa."

Alipoingia ndani, nikamuuliza mama kwa nini anajisumbua.

"Jana alipuliza mapema, nikamgombeza: baba, treni yako imewahi, sijamaliza kuzoa! Akaniomba radhi."

"Lakini mama, treni haipo!"

Akanitazama kwa huruma. "Akijiona hana kazi, ataomba uhamisho. Nani atawafukuza mbuzi wasile mahindi yangu?"

Nimepanga foleni katika ofisi nyingi. Sijaona ratiba inayoheshimiwa namna ile. Nikainama kumsaidia kuanika upya.

"Fanya haraka," akasema. "Saa nane treni inarudi."