Meno Sita Yaliyopotea Kileleshwa

Niliondoka Naivasha asubuhi moja kwa sababu lori la nyasi kavu lilikuwa linanguruma na dereva hakuniambia nishuke. Sababu nyingine sina. Watu wenye mipango hueleza safari zao vizuri zaidi. Mimi nilikuwa na shuka, kisu kidogo, na kipande cha gazeti la Kiingereza kilichokuwa kimefungia nyama, ambacho sikuwa nimemaliza kukisoma.

Shule nilikuwa nimeiacha zamani, na niliiacha kwa ajili ya meno. Wazazi wangu walitoka magharibi kufuata kazi ya shamba huko bondeni. Nikazaliwa huko, nikanywa maji ya kisima cha huko, na meno yangu yakaota rangi ya birika lisilosuguliwa. Mwalimu wetu alikagua vinywa kila asubuhi na kumchapa mwenye uchafu. Nilisugua kwa mkaa, kwa majivu, kwa mchanga wa mto. Mwalimu mwenyewe, mzaliwa wa hapo hapo, alichapa huku ameziba mdomo kwa leso. Nilipofika darasa la tano niliona elimu hiyo inanitosha.

Nyasi zile zilikuwa za farasi wa Karen, mtaa wa wazungu nje ya mji. Nilisaidia kushusha, na nilipokuwa nikihema mdomo wazi, mwenye nyumba akanikimbilia.

"Wewe! Fungua domo!"

Nikafungua. Akamwita mkewe kwa sauti ya mtu aliyeokota kito. "Njoo uone! Ndiyo haya ninayoyasema kila siku!"

Niliajiriwa papo hapo. Jumatatu hadi Jumamosi kufagia zizi la farasi. Jumapili, wageni wakishakula, kufungua domo.

Kile kipande cha gazeti ndicho kilichonisaidia kuelewa kazi yangu. Miaka ile ya hamsini wataalamu wa ng'ambo walikuwa wanagombana: floraidi itiwe kwenye maji ya mabomba ya mijini au isitiwe? Upande mmoja ulisema ni madini yanayozuia meno kuoza. Upande wa pili ulisema ushahidi ni dhaifu, madini yenyewe ni sumu inayotia meno rangi kama yangu, na serikali haina haki ya kumnywesha mtu dawa asiyoiomba. Bwana wangu alikuwa wa upande wa pili. Kila wiki aliliandikia gazeti barua ya kutetea uhuru wa mtu kuchagua anachokunywa, na kila wiki mimi niliipeleka posta kwa miguu, maana uhuru wa kukataa haukuwa umefika zizini.

Nyuma ya zizi hilo kulikuwa na kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Floraidi yake ilitiwa na Mungu mwenyewe, bila kuandikiwa barua. Maji hayo tulikunywa sisi na farasi. Nyumba kubwa ilikunywa maji ya mvua, kutoka kwenye tangi lenye kufuli.

Mpinzani wa bwana alikuwa rafiki yake, daktari wa meno kutoka mjini, aliyekuja kula kila Jumapili. Walibishana kwa Kiingereza, lugha ambayo waliamini mfagia zizi hawezi kuisikia.

"Tazama!" bwana alisema, kidole karibu na ulimi wangu. "Hivi ndivyo mnavyotaka kuwafanya watoto wa London."

Daktari akaingiza kioo chake kidogo, akagonga jino moja moja kwa chuma. "Natazama. Hakuna tundu hata moja! Asante kwa kuniletea ushahidi."

"Ushahidi wako? Huyu ni ushahidi wangu!"

Walinigombania hivyo mpaka mate yakanidondoka kifuani. Kisha wakamimina wiski, wakaiongezea maji ya tangi. Kuhusu maji ya kutia kwenye wiski, sayansi ilikuwa na kauli moja.

Aliyeleta kahawa alikuwa yaya wa nyumba, mama mjane kutoka Ukambani. Mgongoni alikuwa na binti yake, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili. Siku hiyo daktari alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba rangi ya kahawia huingia jino likiwa bado limefichwa ndani ya ufizi, mtoto akiwa mdogo. Likishatoka, mambo yamekwisha. Jikoni nikamtafsiria yaya. Akaweka chini trei.

"Sema tena, kaka."

Nikasema tena.

"Kwa hiyo meno yake ya ukubwani yako humu sasa hivi?" Aligusa shavu la mtoto aliyelala. "Yanakunywa?"

"Ndivyo alivyosema."

Alikwenda kwa memsahib, mke wa bwana, akaomba debe moja la maji ya tangi kwa wiki, la kunywa mtoto tu. Memsahib hakuwa mtu mbaya. Alimjibu kwa upole mkubwa: "Ngoja kwanza, yaya. Daktari na bwana bado nabishana."

"Watabishana mpaka lini?" yaya aliniuliza. "Mtoto anakunywa leo. Na wanabishana nini hasa, kutia au kutotia? Chumvi kidogo ni mboga, chumvi nyingi ni mboga ya kumwaga. Kuna aliyepima iliyomo humu kisimani?"

Hakuna aliyepima. Jumapili iliyofuata, nikimfungulia daktari mlango wa gari, nilimpelekea swali hilo kwa Kiingereza changu cha kufungia nyama. Alishtuka kidogo, kama amesemeshwa na farasi. Akasema ni swali zuri, na kwamba atalifikia likishamalizika lile kubwa.

Lile kubwa aliamua kulimaliza kwa kuhesabu. Angelinganisha vinywa vya watumishi wanaokunywa kisima cha Karen na vya wale wa Kileleshwa wanaokunywa bomba la manispaa. Na kwa kuwa farasi wake aliyesema alijua pia kuandika, akanichukua niwe karani. Daftari lilikuwa na safu mbili: meno yaliyooza, na meno yasiyokuwepo. Safu ya sababu haikuwepo.

Siku hizi Kileleshwa ni maghorofa. Wakati ule ilikuwa nyumba za maafisa zenye ua mpana, na jikoni zake zilijaa watu wa Nyanza. Msomaji wa kwetu ameshaanza kucheka. Kwa wasiojua: wanaume wengi wa huko, wakiwa wavulana, waling'olewa meno sita ya chini ili wahesabiwe watu wazima. Baba yangu alikuwa na pengo hilo. Mimi lilinipita kwa sababu wazazi wangu walikuwa wameokoka.

Mpishi wa kwanza, mtu mwenye mabega kama kabati, akafungua kinywa.

"Meno ya chini napotea wapi?" daktari akauliza.

"Yaling'olewa, bwana."

"Nani naondoa?"

"Mzee wa nyumbani."

Daktari akanigeukia, macho yakimwaka. "Uzee! Na hata miaka thelathini hana. Andika sita."

Nikaandika sita. Mpishi alinitazama, akatazama daftari, akaelewa, akauma shavu asicheke. "Omera, ndugu yangu," akaninong'oneza, "huyu bwana yako amesomea wapi? Na wewe hayo meno, umetafuna reli?"

Nyumba ya pili, sita. Ya tatu, sita. Ningeweza kusema. Lakini nilikuwa nimeambiwa niandike tarakimu, na nakiri kwamba nilikuwa nafurahi sana. Tangu zile fimbo za shule sikuwahi kuona elimu ikitembea uchi namna ile, na nilitaka nione itafika wapi.

Ilifika mezani Jumapili. Daktari alisoma daftari kama mchungaji. Maji ya bomba yasiyo na floraidi yameteketeza meno ya Kileleshwa. Kisima cha Karen ni baraka tupu. Bwana alisukuma sahani yake, amepigwa. Memsahib akamgeukia yaya, uso umejaa wema.

"Umesikia, yaya? Kisima ni dawa. Mtoto endelea kunywa."

Yaya alimpandisha mtoto mgongoni, na vikombe vikagongana kwenye trei. Hapo furaha yangu ikaoza. Nilikuwa nimesimama pembeni, zamu yangu ya kufungua domo, nikalifungua.

"Yale meno sita hayakuoza," nikasema kwa Kiingereza. "Yaling'olewa kwa kisu, ni mila. Mzee si uzee. Mzee ni mtu."

Daktari akawa mwekundu mpaka masikioni. "Mbona hukusema?"

"Uliniambia niandike."

Bwana alicheka mpaka akashika meza. Ushindi wake ulikuwa umefufuka. Wakaanza upya, safari hii kwa makelele, na ndani ya makelele hayo yaya akauliza polepole, "Sasa maji, bwana?"

"Maji?" Bwana alijifuta machozi. "Ah, sasa hatujui kitu chochote! Lazima kuanza tena mwanzo. Ngoja."

Kwa hiyo ushahidi ulipokuwepo, kufuli lilibaki. Na ulipoanguka, kufuli lilibaki. Kesho yake asubuhi memsahib akaniachisha kazi kwa kosa la kiburi. Yaya alinisindikiza mpaka getini, mtoto akichungulia begani.

"Unakwenda wapi, kaka?"

"Sijui."

"Vizuri. Asiyejua anakokwenda anaweza kwenda popote. Basi popote hapo, uliza maji kabla ya kuuliza chumba. Mimi kufua naweza, hata mandazi naweza. Niletee habari kwa dereva wa nyasi."

Nikafuata barabara ya Ngong kuelekea mjini. Kila nyumba niliyoona ina kisima, niliipita. Nilipita msitu, nikapita uwanja ambao leo unaitwa Jamhuri, na jua lilipoanza kuuma kisogo nikaingia Kibera. Kwenye nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa alikaa bibi Mnubi akisuka ungo. Nilimwamkia, nikauliza maji yake yanatoka wapi.

"Wengine huuliza kodi," akasema. "Bomba la manispaa, pale chini. Foleni ni ndefu na watu wana matusi. Unataka chumba au unataka bomba?"

Akacheka. Nikainama kidogo kumtazama mdomoni, adabu nikiwa nimeisahau Karen. Yalikuwa meupe, yote, pamoja na ya wajukuu wawili waliokuja kucheka nyuma yake.

"Nataka chumba. Na cha pili kama kipo."

"Cha mke?"

"Cha meno."

Akauweka ungo chini. "Meno ya nani?"

"Ya mtoto wa watu. Hajafika miaka miwili. Yale ya ukubwani hayajatoka bado."

Bibi alinitazama mdomo kwa muda mrefu, bila kioo na bila chuma. Kisha akainuka akishika kiuno, akaingia ndani, akarudi na funguo mbili.

"Mwambie asichelewe," akasema.