Bei ya Begi

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, Nyima alikasirishwa na mtu aliyemlipa.

Walikuwa kibandani kwao Bakau, jirani na hoteli za Wazungu. Nyima alitia vitambaa rangi na kuviuza. Kebba, mumewe, alikaa nyuma yake na cherehani, akikunja pindo. Akapita Mzungu mmoja, akashika kitambaa cha bluu, akauliza bei. Nyima akamtajia dalasi elfu moja, bei ya kuanzia maneno tu, akajiweka sawa kwenye kigoda. Mzungu akatoa elfu moja, akashukuru, akaenda zake.

"Umepata," Kebba akasema.

"Nimepata nini? Kaniangalia, kaona bibi kizee, kanihurumia."

"Pesa ni pesa."

"Wewe shona."

Alinuna hadi mchana. Mkate na maharage hakumaliza. Alipogeuka kusema jambo, ndipo Kebba akaona weupe wa macho yake umekuwa manjano.

Hospitali ya kwao Gambia iliwaambia wavuke mpaka waende Dakar. Huko, nchi ya watu, kila aliyesikia lafudhi yao alipandisha bei. Teksi ya kwenda hospitali ilitaka faranga elfu tano kwa mwendo wa elfu mbili. Nyima, mkono ubavuni, akaiacha ipite. Akaiacha na ya pili.

"Panda tu, mama watoto," Kebba alimsihi.

"Nipande kwa bei ya mgeni? Bora niote mizizi hapa."

Iliyofuata ikakubali elfu mbili. Njia nzima alirushiana maneno na dereva, wakaagana wakicheka. Kebba alimwona kama amepona nusu.

Baada ya vipimo, daktari alimwita Kebba pembeni. Muuguzi aliyejua Kimandinka akamfasiria: ini limekwisha, mpeleke nyumbani.

Kebba akarudi kitandani. "Wamesema upumzike. Tutarudi mvua zikiisha."

"Na dawa?"

"Tutazipata huko huko."

Nyima akamtazama, kisha akaanza kukunja nguo zake. Kebba alimwomba Mungu jambo moja tu, mkewe asijue mpaka wafike. Aliogopa kwamba akijua, atakata tamaa humo njiani.

Nauli ya kwenda Karang, mpakani, ni ile ile kwa kila abiria. Kinachopiganiwa ni bei ya mzigo. Walipofika stendi, dereva alikuwa juu ya paa la gari akifunga kamba, amewapa mgongo.

"Begi hilo elfu nne," alisema.

"Elfu nne? Humo mna nguo za bibi kizee, hamna dhahabu. Mia tano."

"Mgambia huyo. Jina la ukoo nani, mama?"

"Badjie."

Dereva akacheka bila kugeuka. "Mjola. Basi imekuwa elfu sita. Mimi ni Faye."

"Mserer. Ndiyo maana umepanda juu, unakimbia jembe. Shuka uniamkie, mtumwa wangu."

Wajola na Waserer ni watani, hakuna anayemwachia mwenzake hata sarafu moja. Abiria wakasogea wasikie. Kebba aliona mgongo wa mkewe umenyooka, moyo ukamtulia.

"Nashuka nikukate huo ulimi," dereva akasema, akaruka chini, akageuka.

Akamwona. Macho yale, mikono iliyobaki mifupa, tumbo lililojaa maji. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Ulisema ngapi, mama?"

"Mia tano."

"Sawa."

Nyima alingoja. Dereva hakuongeza neno. Basi akajaribu tena. "Mia mbili."

"Sawa, mama. Hata usilipe. Kaa mbele na mimi." Akalibeba begi kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

Abiria wakatawanyika. Kebba alitaka kumshika dereva mkono, amwambie abishane naye kidogo, hata kwa uongo. Badala yake akapanda garini.

Gari likaondoka. Nyima alikaa mbele, Kebba nyuma yake. Walipofika Kaolack, wanawake walikimbilia madirishani na karanga. Mmoja akamwekea Nyima pakiti mapajani. Hakuuliza bei. Aliitazama tu, mpaka muuzaji akaichukua tena.

Kebba akainama mbele, akamuuliza kama anataka maji. Nyima akajibu bila kugeuka:

"Mtani wangu hakubishana na mimi, Kebba. Kwa nini hukuniambia wewe?"