Bango la Sajenti Aliye Hai

Jamani, mkinicheka nimekubali, maana mimi nilimuua mtu mzima kwa simu huku nakula wali wa mandi katika hoteli moja ya Sharafiya, mtaa wa hapa Jeddah.

Ilianza vizuri. Kila msimu wa kodi ya nyumbani Kenya ukifika, siku ya Ijumaa hukaa hotelini hapo nikiwajazia wenzangu ritani, zile fomu za kodi (ni mhasibu hapa Jeddah, ujuaji ninao), na mwaka huu nikapendekeza kwamba yeyote atakayerudishiwa kodi atoe chochote, kwa hiari yake, tusaidie familia za wanajeshi wetu. Tukaanza na Mama Chebet, anayefanya kazi za nyumbani Riyadh, mumewe sajenti wa jeshi huko mpakani Kenya, watoto wameachiwa nyanya yao. Mwenyewe akanitumia picha ya mumewe akiwa na sare, anatabasamu.

Sasa, sisi huku tukichanga, mara nyingi ni kusafirisha maiti, kwa hiyo bango nililokuwa nalo kwenye simu lilikuwa la msiba uliopita, nami kwa uvivu nikafuta jina la marehemu na maneno ya msiba, nikaweka jina la sajenti na maneno ya mchango, nikabandika picha yake, na mishumaa miwili ya pembeni nikaiacha (niliona inaleta heshima!), nikatuma kwenye kundi letu, nikarudi kwa wali wangu.

Nani husoma maandishi? Watu waliona mishumaa, wakaanza "poleni sana", bango likarushwa kundi hadi kundi, na kabla sijanawa mikono Mama Chebet akanipigia analia, madam aliyemwajiri yuko nyuma yake anauliza kwa Kiarabu kuna nini.

"Juma, jeshi wamekupigia wewe? Mbona hukuniambia mimi kwanza?"

"Yuko hai, Mama Chebet! Ni bango tu!"

"Umeongea naye?"

Sikuwa nimeongea naye. Kambini kwao mtandao haushiki, hata mkewe alikuwa hajamsikia wiki nzima.

"Basi umejuaje yuko hai?"

Nikaandika kwenye kundi kwamba sajenti hajafa, mzee mmoja akanijibu, "Kubali tu, kijana, kazi ya Mungu haina makosa." Kijijini mama mzazi wa sajenti alishatandikiwa godoro la matanga sebuleni, majirani wamejaa, na mimi hapa Jeddah nimejifungia chooni naona haya hata kujitazama kwenye kioo.

Jumapili sajenti mwenyewe akapata mtandao, akaliona bango, akanipigia, akacheka mpaka akakohoa: "Kumbe nimekufa, na hata sikualikwa!" Nilipowasimulia, kundi zima likacheka, nami nikajidai nacheka.

Nikampigia Mama Chebet kuomba msamaha. Hakucheka.

"Yeye anaweza kucheka," akasema. "Mimi nimekuwa mjane siku mbili, Juma. Sasa najua ujane ulivyo, na yeye bado yuko kule kule mpakani."

Akakata simu. Mchango ulikwenda, watoto wakalipiwa shule, lakini mabango sasa anatengeneza mtu mwingine. Mimi najaza ritani, na nimeapa sitagusa tena picha ya mume wa mtu.