Unga Mweupe Kwenye Ungo

Nilipomaliza shahada nilibaki katika maabara ya chuo mjini Kisii, bila kazi wala cheo, kwa kuwa mhadhiri wangu aliniruhusu na sikuwa na pengine pa kwenda. Tulikuwa tukiwafundisha bakteria kutengeneza protini isiyo ya kawaida. Kila kiumbe, awe mgomba, ng'ombe au mimi, hujenga protini zake kwa amino asidi zilezile, kama ishirini hivi. Sisi tulitaka kuingiza moja ngeni, iliyotengenezwa na watu.

Seli husoma maagizo ya jeni kwa herufi tatu tatu, na zipo herufi tatu zinazosema: simama hapa. Tulikuwa tumezipachika katikati ya jeni ya protini inayong'aa kijani, kisha tukawapa bakteria vifaa vya ziada ili wakifika pale wasisimame, bali waweke ile amino asidi ngeni na kuendelea. Wakifaulu, chupa ingeng'aa chini ya taa ya buluu. Wakishindwa, protini ingekatika njiani na chupa ingebaki giza.

Amino asidi yenyewe ilikuwa unga mweupe, kiasi cha kijiko cha chai, ambao mhadhiri alitumiwa na rafiki yake wa ng'ambo. Rafiki huyo alikuwa na nafasi ya mwanafunzi mmoja katika maabara yake.

"Nionyeshe chupa moja tu inayong'aa," mhadhiri aliniambia, "nitamwandikia kabla mwezi haujaisha."

Tangu hapo sikupata raha. Nilikuwa naosha mikono, nasahau kama nimeiosha, naiosha tena. Nilimwona atakayeipata nafasi ile kila mahali, na hakuwa na sura yangu.

Ijumaa moja transfoma ililipuka, na jenereta ya chuo haikuwa na dizeli. Mhadhiri, mama wa kutoka kando ya ziwa ambaye hakuwahi kuzoea baridi yetu, alinitazama nikizunguka friji yenye unga ule, ambao hutaka baridi.

"Wewe, utaitoboa hiyo sakafu. Si uupeleke kwenu Nyamira? Kule hata maiti hahitaji mochari."

Nikaupeleka. Nyumbani hatuna friji. Unga ule huharibiwa na mwanga, kwa hiyo nilikiviringisha kichupa kwa foili, nikakitia kwenye mfuko wa nailoni na kukizamisha ndani ya mtungi wa maji. Kisha nikamwonya mama: asikiguse, asikifungue, asikisogeze karibu na moto.

"Ni sumu?"

"Si sumu, mama. Ni chakula cha bakteria."

"Kumbe hao wadudu wako wanapikiwa, na mimi najipikia!"

Mwanga sikuutaja. Ndani ya mtungi kuna mwanga gani?

Jumamosi ilikuwa Sabato, na mama hakugusa kitu. Jumapili asubuhi nilikwenda mjini kuona kama umeme umerudi. Nyuma yangu mama aliteka maji mtungini, akauona mfuko umejaa maji na kifuniko kimelegea. Kwenye milima yetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na hakuna asiyejua la kufanya kitu kikilowa: unakianika mapema, kabla ya mawingu. Mama huanika wimbi, maharagwe, magodoro. Paa lilipovuja nikiwa shuleni, alianika madaftari yangu yote kwenye majani, ukurasa kwa ukurasa, na nikafaulu mtihani.

Nilimkuta uani kando ya wimbi. Unga wangu ulikuwa juani, umetandazwa kwenye karatasi safi juu ya ungo, kijiwe kila pembe. Alikuwa ameshika fimbo ya kufukuzia kuku.

"Tata," aliniita, kama mama zetu wanavyowaita watoto wa kiume, "chakula cha wadudu wako kililowa. Nimekiokoa. Hata kuku mmoja hajaonja."

Unga ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Asante, mama," nikasema. Niliukusanya kwa wembe, polepole, kama kwamba upole wangu ungeurudisha ulivyokuwa.

Umeme uliporudi nilijaribu hivyohivyo. Niliwalisha bakteria wa chupa moja unga ule, na wa chupa ya pili sikuwapa kitu, ili tulinganishe. Siku iliyofuata mhadhiri alizima taa za maabara, akawasha ile ya buluu. Akazitikisa chupa, akazibadilisha mikono, akazisogeza karibu na macho. Mimi nilikuwa nimekwisha kujua.

"Zinafanana," alisema. "Wote wamesimama palepale."

Unga mwingine haukuwepo. Nafasi ilipata mtu mwingine kabla mwezi haujaisha.

Jioni ya siku ile ya chupa mbili, nilipofika nyumbani, mama alikuwa akiinua wimbi haraka haraka, kwani mawingu yalishafunika kilima. Hakugeuka.

"Wadudu wako wamekula?"

Nilishika upande wa pili wa turubai.

"Wamekula, mama."

"Nilijua," akasema. "Jua la Jumapili lilikuwa zuri sana."