Mpira wa mwisho wa kaka yangu, na mkono wangu ulioshika breki

Wakuu, salaam kwenu.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo naandika. Sitaongeza chumvi, maana ninayemsimulia hakupenda uongo. Elimu yangu ni darasa la saba, mtanivumilia.

Kaka yangu Deo alifanya kazi miaka mingi Uganda, akiwabebea mifuko wacheza gofu. Aliporudi kwetu Muleba alikuja na fimbo moja ya chuma na soksi iliyojaa mipira midogo myeupe.

Watu walitarajia bati za kuezekea nyumba.

Mimi ni fundi seremala, naishi Ijuganyondo, Bukoba. Jumapili baada ya misa nilikuwa naenda kumsalimia, tunapanda rweya, yaani ule uwanda wa nyasi nje ya vibanja, mashamba yetu ya migomba. Mbele kuna bonde lenye tope, ng'ambo kuna mikaratusi. Mchezo wetu ulikuwa huo tu: vusha mpira bonde.

Yeye aliuvusha bila jasho. Mimi sikuwahi.

Niwaeleze kidogo wasioujua mchezo huu. Nguvu siyo kitu. Kitu ni timing. Fimbo unaishusha taratibu, halafu spidi inakua yenyewe, iwe kubwa kabisa pale inapokutana na mpira. Wasomi wanaita acceleration. Ukianza kwa pupa, spidi yote inaishia hewani.

Kosa langu halikuwa pupa. Mimi fimbo ikikaribia mpira, mkono ulipunguza mwendo.

Sababu ni woga. Nyasi za rweya ni ndefu, mpira ukipotea umepotea, na duka la kuuza mwingine hakuna. Kwa hiyo nilipiga huku natamani usiende mbali. Unabingirika, unasimama pale pale.

Mke wa Deo alikuwa akipita na kuni anacheka: "Shemeji, hilo ni yai unapapasa?"

Deo alisema, "Umeshika breki tena, mdogo wangu. Usiishie kwenye mpira. Pita nao."

Miaka ikaenda, soksi ikapungua. Ukabaki mpira mmoja.

Halafu kaka akaugua. Alikonda mpaka koti lake likawa kama limetundikwa kwenye msumari. Jumapili moja akaomba tumpeleke rweya. Tulimkalisha kwenye kigoda, blanketi mabegani.

Akasema, "Weka mpira chini. Nataka niuone ukivuka kwa mkono wako."

Nikamwambia, "Kaka, huu ndio wa mwisho. Tukiupoteza, ukipona utachezea nini?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Mgonjwa ni wewe. Mimi nimechoka tu. Piga!"

Nikapiga. Breki. Mpira ukaishia kwenye kichuguu, hatua chache mbele yetu.

"Rudia," akasema.

Wakuu, hapa ndipo panaponiuma. Niliuokota, nikaufuta tope, nikautia mfukoni mwa koti langu. Nikasema, "Jumapili ijayo, kaka. Upepo leo mbaya."

Upepo haukuwepo. Alijua. Alinitazama tu, akasema, "Haya, waitu," kama tunavyomwita mpendwa kwetu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tunamzika kwenye kibanja chake, kati ya migomba. Nilivaa koti langu lile lile. Nilipoinama kuchukua udongo nikausikia mpira ubavuni, mgumu, mfukoni. Nikarusha udongo. Sikulia mbele za watu, lakini tangu siku hiyo chakula hakina ladha.

Matanga yalipokwisha, shemeji alinikabidhi ile fimbo. Nikapanda rweya, naye akanifuata nyuma.

Nikauweka mpira pale pale penye alama za kigoda. Nikanyanyua fimbo. Nikashusha taratibu. Safari hii sikuwa na cha kutunza, na mkono haukusita. Mlio ulikuwa mdogo, kama kuni kavu inavyovunjika. Mikononi sikuhisi chochote. Nikaona kitu cheupe kinapaa, kinapita juu ya bonde, kinaingia kwenye mikaratusi.

Shemeji haoni mbali. Akauliza, "Umevuka?"

"Umevuka."

Akasema, "Basi nenda ukamwambie."

Nilikwenda. Nilisimama kaburini na fimbo mkononi. Mpira sikuutafuta, na sitautafuta.

Nilichojifunza ni hiki: mpira nilioutunza haukumfaa yeye wala mimi. Mtu akikuomba jambo akiwa hai, lifanye akiwa anaona, hata kama utaharibu. Deo asingejali kuupoteza. Alitaka tu kuuona unapaa.

Kama kuna mwenzangu aliyewahi kusema "wiki ijayo" na wiki haikufika, aandike hapa chini. Unaishije nayo? Nitasoma zote, hata kama sitajibu haraka.