Tundu Nililoliziba kwa Sabuni

Nilikuwa na gereji Kondele wakati Sista Veronika, nesi wa misheni, aliponiletea pikipiki yake ya magurudumu manne. Wakati wa mvua hakuwa na njia nyingine ya kuwafikia wagonjwa. Injini ilikuwa ya kuchanganya petroli na oili, lakini ilipozwa kwa maji. Kama hiyo sikuwa nimewahi kuifungua, na sikumwambia. Nilitia pistoni na ringi mpya, nikaifunga, ikanguruma vizuri.

Halafu maji yakaanza kudondoka. Nikakaza paipu za rejeta, wapi. Nikabadilisha gasketi, bado. Mwishowe nililala chini nikaona tundu dogo chini ya pampu ya maji, likitoa tone moja moja. Sista alikuwa ameniachia kitabu cha mashine, lakini nilikuwa nimepanga nati juu yake. Nikachukua sabuni ya kufulia, nikalijaza lile tundu kama tunavyoziba tangi la petroli. Pakakauka kabisa.

"Sista, imepona," nikamwambia.

Siku ya nne alirudi, wanaume wawili wakiisukuma. Nikamwaga oili ya gia mbele yao. Ilitoka nyeupe, na povu juu.

"Yawa!" mmoja akasema. "Hii ni oili ama chai?"

Sista hakucheka. Alikung'uta nati zangu, akafungua kitabu, akanitafsiria polepole kama anayemweleza mgonjwa dawa: "Tundu hili likitoa maji, sili ya pampu, ile raba inayozuia maji, imekwisha. Usilizibe, maji yataingia kwenye oili ya gia."